Ishirō Honda: Mwongozaji wa Wanaokimbia



Jina la Ishirō Honda si maarufu kwetu, ila kiumbe chake kinajulikana hata na watoto. Wengi wenu mmeliona, iwe katika filamu, katuni au fulana ya kijana barabarani, lile dubwana lenye umbo la mjusi linaloibuka kutoka baharini na kuponda majumba ya Tokyo. Ni Godzilla. Honda ndiye aliyeongoza filamu yake ya kwanza mwaka 1954, na nyingine nyingi za aina hiyo baadaye, hata watu wakazoea kumwita mwongozaji wa madubwana.

Nataka nianze hapo hapo, kwa sababu sifa hiyo inaficha jambo. Kwa kawaida Honda hakuyaongoza madubwana. Katika kampuni ya Toho kazi iligawanywa kwa vikosi viwili. Kikosi kimoja kilikuwa cha Eiji Tsuburaya, fundi wa hila za kamera, naye ndiye aliyejenga miji midogo ya mbao na plasta, akamvika mtu vazi zito la mpira na kumwambia akanyage. Kikosi cha pili kilikuwa cha Honda, na kazi yake ilikuwa watu: mvuvi anayeliona wimbi likigeuka rangi, mama aliyekumbatia watoto chini ya ukuta, mwandishi wa habari anayeendelea kutangaza huku mnara ukiinama, umati unaokimbia na mizigo mgongoni. Tsuburaya alipiga picha za kinachovunja, Honda akapiga picha za wanaovunjikiwa. Ukiitazama kazi yake yote kwa jicho hilo, utaelewa kwa nini filamu ya mtu aliyevaa mpira imedumu miaka sabini huku nyingine mia za mfano wake zimesahauliwa. Na ili tujue alijifunzia wapi kuwatazama watu wanaokimbia, hatuna budi kurudi kwenye maisha yake.

Alizaliwa tarehe 7 Mei 1911 katika kijiji cha milimani, mkoa wa Yamagata, kaskazini mwa Japani. Baba yake alikuwa kuhani wa Kibudha katika hekalu la Chūren-ji, karibu na mlima mtakatifu wa Yudono, na yeye alikuwa kitindamimba. Kaka yake aliyesomea udaktari wa jeshi alimletea magazeti ya sayansi, na mtoto yule akakua kati ya sala za baba na michoro ya mashine za kaka. Mwaka 1921 familia ilihamia Tokyo. Huko ndiko alikokutana na filamu. Zilikuwa bado hazina sauti, na kando ya pazia alisimama msimulizi aliyewasemea wahusika wote, mume kwa mke, kama walivyofanya wafasiri wa filamu katika mabanda ya video ya miji yetu. Honda alisema baadaye kwamba alivutiwa na msimulizi yule kuliko hata picha zenyewe.

Alisomea filamu katika Chuo Kikuu cha Nihon, na mwaka 1933 akaajiriwa na studio ya P.C.L., ambayo baada ya miaka michache iliunganishwa na nyingine kuzaa Toho. Alikuwa na umri wa miaka 22 na njia ilionekana nyeupe. Mwaka uliofuata ikaja barua ya kuitwa jeshini.

Alipangiwa Kikosi cha Kwanza cha Askari wa Miguu cha Tokyo, na bahati yake ilikuwa mbaya. Tarehe 26 Februari 1936 maofisa vijana wa kikosi hicho hicho walikuwa miongoni mwa walioasi, wakaua viongozi wakuu na kuteka katikati ya jiji kwa siku kadhaa. Honda hakushiriki. Lakini kikosi kilikwishatiwa doa, na askari wake wakapelekwa Manchuria. Kuanzia hapo mpaka mwaka 1946 maisha yake yalikatwa vipande vipande: anarudi studio, anaanza kuzoea kazi, anaitwa tena, anarudi, anaitwa tena. Mwaka 1939 alimwoa Kimi Yamazaki, mfanyakazi mwenzake wa studio, na muda si mrefu akarudishwa China. Kimi alilea watoto wakati wa vita, baba yao yuko mbali.

Alipokuwa huko, rafiki yake Akira Kurosawa alikuwa anapanda ngazi. Wote wawili, pamoja na Senkichi Taniguchi, walikuwa wanafunzi wa mwongozaji mmoja, Kajirō Yamamoto, na walipendana kama ndugu. Kurosawa hakupelekwa vitani. Aliongoza filamu yake ya kwanza mwaka 1943. Honda, aliyeingia studio miaka mitatu kabla yake, alisubiri mpaka mwaka 1951, akiwa na miaka 40. Nimesoma na kusikiliza mengi kuhusu wawili hawa, na sijakuta mahali Honda amelalamika.

Kuna kisa cha vita ambacho familia yake imekisimulia mara nyingi. Katika mapigano nchini China kombora lilianguka mbele yake, likakataa kulipuka. Baadaye alilirudia, akaondoka nalo hadi Japani, na likakaa juu ya meza yake ya kazi maisha yake yote. Hati za filamu zake ziliandikwa na kusahihishwa mbele ya chuma kile kilichopaswa kumuua.

Lakini kuna jambo jingine la China ambalo wanaomsifu Honda hulipita haraka, nami sitalipita. Kati ya mwaka 1940 na 1941 alipewa jukumu la kusimamia nyumba ambamo jeshi la Japani liliwaweka wanawake kwa ajili ya ngono ya askari wake. Mwaka 1966 alilieleza hilo mwenyewe katika makala aliyoandika kwenye jarida la filamu, wakati ambapo wanajeshi wenzake wengi walikuwa wamefunga midomo. Kukiri hakufuti kilichotendeka, na wanawake wale hawakupata filamu hata moja. Katika kazi zake Japani ndiyo inayoungua na Wajapani ndio wanaokimbia. Wakimbizi wa China, ambao aliwaona kwa macho yake miaka nenda miaka rudi akiwa amevaa sare za jeshi lililowakimbiza, hawamo. Mtu akinitaka nitaje upungufu mmoja mkubwa wa Honda nitataja huo, wala sitahangaika na vazi la mpira lenye mikunjo.

Vita vilipokwisha Agosti 1945 alikuwa China. Alikaa mateka kwa miezi kadhaa, akarudishwa nyumbani Machi 1946. Njiani treni ilipita Hiroshima. Aliuona mji ule, au mahali mji ulipokuwa, na akasema mara nyingi baadaye kwamba picha ile haikumtoka. Hapa sisi wazungumzaji wa Kiswahili tusijione watu wa mbali. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki lililouteketeza mji ule ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo, na watu wa nchi ambamo leo Kiswahili ni lugha ya soko na ya nyumbani. Udongo wa kwao uliangukia kichwani mwa watu wa Hiroshima.

Tufike sasa mwaka 1954. Mtayarishaji wa Toho, Tomoyuki Tanaka, alikuwa na mpango wa filamu ya kushirikiana na Indonesia, na mpango ule ukavunjika. Alihitaji filamu nyingine haraka. Miezi michache kabla, tarehe 1 Machi, Marekani ilikuwa imelipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini. Mlipuko ulikuwa mkubwa kuliko wanasayansi walivyokadiria, na majivu yake yakaiangukia meli ya Kijapani ya kuvua jodari, Daigo Fukuryū Maru, iliyokuwa na wavuvi 23. Walirudi bandari ya Yaizu wakiwa wagonjwa. Nchi nzima ikaogopa samaki. Mwendesha redio wa meli ile, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba 23 mwaka huo huo, wakati filamu ikiwa bado inapigwa. Tanaka aliwaza: je, bomu hilo likimwamsha mnyama aliyelala chini ya bahari?

Kazi hiyo ilitolewa kwanza kwa Taniguchi, naye hakuichukua. Ikamfikia Honda. Waongozaji wengi wa wakati ule wangeona aibu kupewa hadithi ya mjusi. Honda aliichukulia kama taarifa ya habari. Akishirikiana na Takeo Murata aliandika hati ya filamu kutokana na hadithi ya Shigeru Kayama, na katika hati ile wakaweka mambo ya mwaka ule ule. Filamu inaanza na meli inayoteketea baharini, na hakuna Mjapani aliyeingia sinema ilipotoka Novemba ile bila kujua meli inayokusudiwa. Ndani ya treni mwanamke kijana analalamika kuhusu jodari wenye mionzi, na kwamba alinusurika Nagasaki ili aje kukimbia tena. Ngozi ya Godzilla yenyewe ilitengenezwa ikiwa na makovu yaliyovimba, mfano wa ngozi ya walioungua kwa bomu.

Kisiwa cha wavuvi kilipigwa picha pande za Toba, katika mkoa wa Mie. Honda alizijua pwani zile. Alikwishatengeneza huko filamu fupi ya habari kuhusu Ise-Shima, na filamu yake ya kwanza ndefu, *Aoi Shinju*, ilihusu wanawake wapiga mbizi wa pwani hiyo, na aliingiza kamera chini ya maji ili kuwaonyesha wakiwa kazini. Ndiyo maana wanakijiji wa Godzilla hawafanani na waigizaji waliovalishwa makuti. Wanatembea kama watu wenye kazi zao, na mnyama anapotokeza kichwa juu ya kilima wanakimbia huku wakijikwaa, kama wanavyokimbia watu wa kweli.

Kuna sehemu ya filamu ninayowaomba vijana wanaosomea uongozaji waitazame mara mbili na mara tatu. Tokyo imeungua usiku kucha. Kumekucha. Filamu nyingine yoyote ya aina hii ingeruka moja kwa moja kwenye mpango wa kumuua mnyama. Honda anaipeleka kamera hospitalini. Majeruhi wamelazwa sakafuni hadi kwenye varanda. Daktari anakisogeza kipima mionzi kwa mtoto mdogo, kinalia, na daktari anatikisa kichwa. Mtoto mwingine analia akimtazama mama yake akibebwa. Hakuna Godzilla katika sehemu hiyo, wala hakuna anayetoa hotuba. Kabla ya hapo, katikati ya moto, mama mmoja aliyekaa chini na watoto wake amewaambia kwamba karibu watakuwa pamoja na baba yao. Baba hatajwi alifia wapi, lakini mwaka ule Japani ilikuwa imejaa wajane, na kila mtazamaji alimjaza jina analolijua.

Mwisho wa filamu pia haufurahishi, na nadhani hapo ndipo tabia ya Honda inapoonekana waziwazi. Mwanasayansi Serizawa, aliyepoteza jicho vitani, amegundua silaha inayoweza kumuua Godzilla. Anaikataa. Anajua kwamba ikishatumika mara moja wakubwa wataitaka. Anakubali tu baada ya kuona mateso ya mji kwenye televisheni na kusikia wasichana wa shule wakiimba kuombea amani. Anazichoma karatasi zake, anashuka baharini, na anakata kamba yake mwenyewe ili siri ife naye. Godzilla anakufa na hakuna shangwe. Mwanasayansi mwingine, mzee Yamane, aliyeigizwa na Takashi Shimura, anasikitika, na anaonya kwamba majaribio ya mabomu yakiendelea mwingine anaweza kutokea. Shimura huyo huyo, mwaka huo huo, kwa kampuni hiyo hiyo, alikuwa kiongozi wa mashujaa katika *Shichinin no Samurai* ya Kurosawa. Sioni kwa nini filamu moja ihesabiwe sanaa na nyingine mchezo wa watoto.

Nisimdhulumu Tsuburaya na wenzake. Haruo Nakajima, aliyekuwa ndani ya vazi, alibeba kilo zipatazo mia moja chini ya taa kali na kutoka akiwa amelowa jasho. Mtunzi Akira Ifukube aliutoa mngurumo wa Godzilla kwa kulegeza nyuzi za fidla kubwa na kuzisugua kwa glovu ya ngozi iliyopakwa utomvu. Bila wao Honda angekuwa na watu wanaokimbia bila cha kukikimbia.

Filamu ilitoka tarehe 3 Novemba 1954 na tiketi zaidi ya milioni tisa zikauzwa. Baadhi ya wahakiki wa Kijapani waliikemea kwamba inafanya biashara ya majeraha ya taifa. Kisha ikauzwa Marekani, na huko ikakatwakatwa. Ilipotolewa mwaka 1956 ilikuwa imeongezewa mwigizaji Raymond Burr kama mwandishi wa habari Mmarekani, na mengi yaliyogusa bomu na Nagasaki yameondolewa. Kwa karibu nusu karne sehemu kubwa ya dunia ilimfahamu Honda kupitia nakala ile. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya watu kumdharau: walimhukumu kwa filamu ambayo kiini chake kilikuwa kimeng'olewa.

Baada ya hapo Toho haikumwachia nafasi ya kupumua. Sitazitaja zote. *Radon* ya 1956 inaanza katika machimbo ya makaa ya mawe, na nusu saa yake ya mwanzo ni filamu nzuri kuhusu wachimbaji. *Mothra* ya 1961 ina nondo mkubwa anayewafuata wasichana wawili wadogo waliotekwa na mfanyabiashara ili wakaimbishwe jukwaani, na kisiwa chao kimeharibiwa na majaribio ya nyuklia. Mnyama hana ubaya, mwenye ubaya ni aliyeiba. Katika *Gorath* ya 1962 mataifa yote yanaungana kuisogeza dunia isigongwe na nyota. Watu walimcheka kwa matumaini hayo ya mataifa kukaa meza moja, ambayo aliyarudia filamu baada ya filamu. Mimi simcheki. Yalitoka kwa mtu aliyewahi kuona kinyume chake. Na yupo pia Honda asiye na matumaini: katika *Matango* ya 1963 matajiri na watumishi wao wanakwama kisiwani, chakula kinakwisha, na wanaokula uyoga wa pale wanageuka uyoga. Hiyo ndiyo filamu yake ya giza kuliko zote, na baada ya ile ya 1954 ndiyo ninayoiweka juu.

Miaka ilivyosonga bajeti zilipungua, televisheni ikawabakiza watu nyumbani, na madubwana wakafanywa vichekesho vya watoto. Honda hakupenda Godzilla apigane mieleka na kurusha mawe kama mpira, lakini alikuwa mwajiriwa, na alifanya alilopewa. Hata hapo alitafuta upenyo wake. Filamu ya mwaka 1969 iliyotengenezwa kwa picha nyingi za kuazima kutoka filamu za nyuma inamhusu mtoto anayerudi kutoka shule na kufungua mlango wa nyumba tupu, kwa kuwa wazazi wote wawili wako kazini, katika mtaa wa viwanda uliojaa moshi. Tsuburaya alikuwa mgonjwa, na Honda akalazimika kusimamia na kazi ya hila za kamera. Januari 1970 Tsuburaya akafariki. Honda aliongoza filamu chache baada yake, na tamthilia za televisheni. Ya mwisho, mwaka 1975, iliuza tiketi chini ya milioni moja.

Hapo wengi wangemalizia hadithi. Kwangu mimi sehemu inayofuata ina uzito kama ya 1954. Mwishoni mwa miaka ya sabini Kurosawa alikuwa anaanza *Kagemusha*, na Honda akaenda kufanya kazi chini yake. Tazameni vizuri: mtu wa karibu miaka 70, mwenye filamu zaidi ya arobaini kwa jina lake, anakubali kuwa msaidizi wa rafiki yake wa ujanani. Alifanya hivyo kwa filamu tano: *Kagemusha*, *Ran*, *Yume*, *Hachi-gatsu no Rapusodī* na *Mādadayo*. Kurosawa alikuwa mkali, waigizaji walimwogopa. Honda alikuwa mpole, na alipewa kikosi cha pili na kamera yake. Alikwishamsaidia hivyo mwaka 1949 katika *Nora Inu*, alipozunguka na kamera kwenye masoko ya magendo ya Tokyo iliyovunjika.

Katika *Yume*, ya mwaka 1990, kuna ndoto moja ambamo ofisa anayerudi kutoka vitani anapita handaki, na nyuma yake wanatoka askari wake waliokufa, nyuso za buluu, wakingoja amri. Anawaomba msamaha kwa kuwa yeye yu hai. Kurosawa ndiye aliyeandika, lakini hakuwahi kuwa askari. Honda alikuwa, na ndoto za vita zilimwandama mpaka uzeeni. Alikuwa mshauri wa filamu ile, na mimi siwezi kuitazama sehemu hiyo bila kuamini kwamba ni yeye anayezungumza. Ndoto nyingine ya filamu hiyo ina mitambo ya nyuklia inayolipuka nyuma ya mlima Fuji, na umati unaokimbia kuelekea baharini. Mnajua sasa ni nani aliyekuwa hodari wa umati unaokimbia.

Alifariki Tokyo tarehe 28 Februari 1993, akiwa na umri wa miaka 81, wiki chache kabla ya *Mādadayo* kutolewa. Mwaka 2013 mwongozaji Guillermo del Toro alimtaja kwa heshima mwishoni mwa *Pacific Rim*, na mwaka 2024 *Godzilla Minus One* ya Takashi Yamazaki, yenye askari aliyenusurika vita na kushindwa kuishi na jambo hilo, ilipata tuzo ya Oscar kwa hila zake za picha. Yamazaki alimrudisha dubwana kwa watu walio chini yake, mahali Honda alipomweka.

Ombi langu kwenu ni moja. Tafuteni filamu ya 1954 kwa sauti yake ya Kijapani, yenye dakika 96, msiikubali ile iliyokatwa Marekani. Itazameni na watoto wakubwa, na mnapofika hospitalini msiisogeze mbele. Na ninyi mnaotaka kushika kamera katika nchi hizi, ambako mafuriko, vita na machimbo yanayoporomoka si hadithi za kubuni, igeni alichofanya Honda: mkishamwonyesha anayebomoa, bakini na waliobomolewa mpaka mtazamaji awajue.